Umeleta Chumvi?

Nilivuka mpaka wa Gatumba asubuhi nikiwa na begi moja begani, na nilipofika Nyakabiga, mtaa wa kwetu, mvua ilikuwa imeshaanza. Niliona watu kabla sijaiona nyumba. Walikuwa wamejazana uani kwetu chini ya mabati ya kibaraza, wengine na miavuli, wote wameelekeza nyuso kwenye mlango wetu wa chuma. Chini ya mlango huo moshi ulikuwa unatoka.

Haukuwa moshi wa nyumba inayoungua. Ulikuwa mwembamba na wa kibuluu, ule wa makaa yasiyoshika vizuri, nikajua mara moja kwamba ni imbabura. Mama alikuwa amelibeba jiko lake la makaa kutoka uani, akaingia nalo ndani kwa sababu ya mvua, kisha akafunga mlango na madirisha. Watu hufa hivyo katika mji huu wakati wa mvua. Hawapigi kelele. Wanasinzia tu, na jirani anakuja kuwagundua sufuria ikiwa imeshapoa.

"Ni weye mutoto wake wa safari?" aliniuliza jirani yetu, mama mmoja wa Uvira anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Tulikuwa tumewahi kuonana mara chache, katika safari zangu za kupita. "Mungu asante. Sema naye, kaka. Sisi tumechoka. Koko, huyu bibi yetu, anakataa kufungua."

"Amejifungia tangu lini?"

"Tangu ile radi ya kwanza. Ilipiga kule juu Gihosha, buum! Akashituka, akabeba mbabula yake na sufuria juu yake, akaingia, akafunga. Mi nikafikiri ni mvua anakimbia. Kumbe anakimbia kitu ingine."

Dada yangu mdogo, anayeishi na Mama, alikuwa kazini katikati ya mji. Walikuwa wamempigia simu na alikuwa njiani. Lakini mvua ikinyesha kwetu namna ile, mitaro inafurika, magari yanasimama, na mtu aliye njiani anaweza kubaki njiani mchana wote.

Mpangaji wa chumba chetu cha nyuma, fundi mwashi, alikuwa ameshika mtaimbo. "Mzee, mi nasema tuvunje."

"Uvunje, umwangushie nani?" mama wa Uvira akamkemea. "Amekaa na kiti yake nyuma ya mulango kabisa. Hausikii anakohoa? Ni hapo hapo. Ule mulango ukianguka, ni koko unazika."

Nilisogeza sikio. Kweli alikuwa anakohoa, kikohozi kikavu na kifupi, karibu sana na chuma. Madirisha yote ya mbele yalikuwa na nondo na mbao zake zimefungwa kwa ndani. Mlango wa nyuma ulizibwa zamani tulipopangisha chumba cha nyuma.

"Na tena anauliza chumvi," mama wa Uvira aliendelea. "Kila tukigonga, anauliza kama tumeleta chumvi. Tunamwambia ndiyo. Hafungui. Mi nikakimbia dukani, nikanunua hata chumvi yenyewe, ona!" Alinionyesha pakiti mkononi. "Nikaitikisa hapa mulangoni asikie. Bado."

"Pengine anataka ile ya Uvira," fundi akasema.

"We nyamaza na mtaimbo wako. Nyumba za batu unajenga zinaanguka peke yake, leo ndiyo unataka kuvunja?"

Watu wakacheka kidogo, namna watu wanavyocheka wakiwa na hofu. Mimi nilichukua ile pakiti, nikagonga.

"Mama, ni mimi."

Kikohozi kilinyamaza. Nilisikia kiti kikilia, kisha sauti yake, nyembamba kuliko niliyokuwa naikumbuka, lakini imara.

"Umeleta chumvi?"

Niliona ni jambo dogo la kumridhisha mzee aliyechanganyikiwa. Na pakiti nilikuwa nayo mkononi.

"Ndiyo, Mama," nikamjibu. "Nimeleta. Fungua."

Mara ndani kukasikika kitu kizito kinaburutwa kwenye saruji, polepole, kinakwaruza, kinasimama, kinakwaruza tena, mpaka kikagonga mlango kwa ndani. Lilikuwa sanduku letu la zamani la bati. Sikuhitaji kuliona. Mlio ule ulinipanda kutoka kwenye nyayo, na kabla sijaelewa kwa nini, nilikuwa nimerudi nyuma hatua moja. Mwili ulikumbuka kwanza, kichwa kikafuata.

Marehemu Baba alikuwa mtunza ghala. Katika ghala lake hakuna gunia lililotoka kwa sahihi moja. Yeye anatia yake, mkubwa wake anatia ya pili, ndipo lango linafunguliwa. Akirudi nyumbani alipenda kutueleza jambo hilo mezani, kana kwamba sisi ndio wapakiaji wake. Sahihi ya kwanza, alisema, ni ya mwenye kutaka. Ya pili ni ya mwenye kujua. Mtu yeyote anaweza kutaka. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye: hata mtunza ghala anaweza kushikwa mkono kwa nguvu akatia sahihi. Kwa hiyo yeye na mkubwa wake walikuwa na siri yao. Kama Baba amelazimishwa, angeweka nukta ndogo chini ya jina lake. Karatasi ingeonekana safi kuliko zote, lakini mkubwa wake akiiona nukta, lango lisingefunguliwa.

Miaka ile ya vita ilipofika mitaani kwetu, Baba aliileta nukta yake nyumbani. Wakati huo mimi nilikuwa kijana wa sekondari, na dada yangu alikuwa bado hajazaliwa. Tulikuwa tumesikia yaliyotokea mitaa mingine. Wenye silaha walimkamata mtoto barabarani, wakamsimamisha mbele ya mlango wa kwao, wakamwambia: ita. Mtoto anaita, "Mama, ni mimi." Ni sauti yake kweli, hakuna uongo. Mama anafungua.

Basi kwetu sauti peke yake haikutosha kufungua mlango. Ukigonga, aliyeko ndani anauliza, "Umeleta chumvi?" Ukiwa peke yako, unajibu, "Imelowa njiani." Ukiwa na watu nyuma yako, watu usiowataka, unajibu, "Ndiyo, Mama." Jibu zuri, la adabu, la mtoto aliyetumwa akarudi. Mwenye bunduki akilisikia haoni kasoro, anangoja mlango ufunguliwe. Na ndani Mama anaburuta sanduku la bati, analisukuma mlangoni, anawakusanya waliobaki, anawatoa kwa nyuma. Wewe uliyejibu, Mungu akusaidie. Baba alilisema hilo bila kuficha. Alinitazama mimi, mkubwa wa watoto, kisha akasema, "Atakayesema ndiyo atakuwa ametuokoa sisi wengine." Mama aliacha kula, akaondoka mezani.

Sikuwahi kulisema jibu lile. Nilirudi jioni nyingi, na kila mara chumvi ilikuwa imelowa njiani.

Mpaka siku ile, mbele ya majirani, nikiwa nimekaribia miaka hamsini na mvi kichwani. Na ubaya ni kwamba jibu lilikuwa la kweli. Nyuma yangu kulikuwa na watu, na mmoja ameshika chuma. Mama alisikia miguu yao, mnong'ono wao, mtaimbo ukigonga saruji. Tangu radi ile ya kwanza majirani wema walikuwa wanamwambia, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya upole: tumekamatwa, usifungue. Halafu na mimi nikaja kumthibitishia.

"Imelowa njiani!" nilipiga kelele mdomo ukiwa kwenye chuma. "Mama! Chumvi imelowa njiani!"

Hakujibu. Na sikutakiwa kushangaa, kwa sababu hilo nalo Baba alikuwa amelifikiria. Mtu mwenye kisu shingoni anaweza kuambiwa ajaribu tena. Kwa hiyo "ndiyo" ikishatamkwa, jibu sahihi linakuwa halina kazi tena pale mlangoni. Kulikuwa na njia moja tu. Wote walioko nje waondoke, na wasikike wakiondoka. Kisha yule mmoja arudi kwa kichochoro cha nyuma, kati ya ukuta wetu na ukuta wa jirani, agonge dirisha dogo kwa ukucha, aulizwe upya. Kichochoro hicho ni chembamba mno, mwili mmoja tu unapita, tena kwa ubavu. Ndiyo sababu Baba alikichagua. Anayechungulia dirishani anakuona wewe, na nyuma yako ni ukuta.

Niliwageukia watu. "Ondokeni."

"Kwenda wapi?" fundi akauliza.

"Barabarani. Wote. Tena kanyageni kwa nguvu, asikie miguu yenu. Na lango mlifunge kwa kishindo."

"Mzee, umesikia huo moshi? Huyu bibi mukecuru anaweza kuisha humo ndani, na we unatutuma kutembea?"

"Hatafungua mkiwa hapa. Hatafungua hata mimi nikiwa hapa."

Fundi alinikazia macho. Nilijua anachokiona: mtu aliyekuja na begi moja, asiyejulikana vizuri mtaani, anawafukuza wale waliokesha na mama yake katika shida zake zote. Alitaka kusema hivyo. Mama wa Uvira akamshika mkono.

"Tuende," akasema. "Mi najua hii kitu. Kwetu pia kulikuwa maneno ya mulangoni. Kaka, tunaenda. Lakini akiacha kukohoa, piga kelele, huyu anakuja kuvunja hata ukuta."

Wakaondoka. Walitembea kwa kishindo kama nilivyowaomba, wakaburuta viatu kwenye changarawe, na mimi katikati yao. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Ilibidi na miguu yangu isikike. Nimeondoka katika nyumba ile mara nyingi maishani: kwenda Kigoma, kwenda Bukavu, kwenda mahali ambapo leo sikumbuki nilifuata nini. Kila mara niliondoka haraka, nikiwa na furaha ya mtu anayehisi barabara chini ya miguu. Siku ile kila hatua ilikuwa kama ninang'oa mguu kwenye tope. Nyuma yangu kikohozi kilikuwa kinaendelea. Lango likafungwa kwa kishindo, na sikukisikia tena.

Barabarani maji yalikuwa yanapita mekundu hadi kwenye vifundo. Nilijilazimisha kungoja, kwa sababu mtu anayerudi upesi mno ni mtu aliyejificha. Nilifikiria maneno yote ya siri niliyoyabeba tangu nilipoondoka. Namba za siri za kutolea pesa kwenye simu. Neno la mlinzi wa nyumba ya wageni fulani, ambalo ukilisahau unalala nje na mbu. Mengi nimeyasahau. Yanabadilishwa kila siku, na hakuna anayekufa. Hili la chumvi nilikuwa sijalitumia tangu vita viishe, na sikuwa nimesahau hata neno.

Nilipita kwa mama wa Uvira, katikati ya vitambaa vyake vya kuanikia ndagala alivyoviokota kutoka kwenye mvua, nikaruka ukuta wake mfupi, nikaingia kichochoroni. Nilipokuwa kijana nilipita mle kwa ubavu bila kugusa. Sasa tumbo liligusa upande mmoja na mgongo upande wa pili. Maji ya mabati yalikuwa yananimwagikia kichwani kama bomba. Nilijivuta, shati likachanika, nikafika kwenye dirisha dogo. Ubao wake ulikuwa ule ule. Nikagonga kwa ukucha.

Hakuna kitu.

Nilizuia pumzi nisikilize kikohozi. Mvua tu. Niligonga tena, na mkono wangu wa pili ukawa umeshaushika ubao, tayari kuung'oa. Lakini nondo ziko nyuma ya ubao, ningeng'oa nini? Nilifungua mdomo nimwite fundi.

Ndipo nikasikia nyayo zake zikiburutika kwenye saruji, polepole, zikisimama njiani, zikija tena.

"Umeleta chumvi?"

Sauti ilikuwa imelewa. Ilikuwa inatoka chini, kama ya mtu anayeegemea ukuta.

Nilitaka kulia, nilitaka kumwambia ni mimi Mama, nimefika. Nilijizuia. "Ni mimi" halikuwa neno la mlango ule.

"Imelowa njiani," nikasema.

Kikomeo kikalia. Ubao ukafunguka kiasi cha vidole, moshi ukanipiga usoni, na katikati ya moshi kulikuwa na jicho lake. Halikunitazama mimi. Lilitazama kushoto kwangu, kisha kulia kwangu, kisha juu ya bega langu. Lilipoona ukuta, ndipo likarudi kwangu.

"Kila siku imelowa," akanikaripia. "Una mikono ya nini, we mutoto? Huwezi kuificha ndani ya shati?"

"Nisamehe, Mama. Fungua ubao wote."

"Wameenda?"

"Wameenda."

"Wote? Na yule wa chuma?"

"Na yeye. Njoo hapa dirishani tusikilize pamoja. Weka sikio hapa."

Sikujua kama ningeweza kumwambia habari za moshi. Angeniambia maharagwe hayajaiva. Lakini kusikiliza miguu ya watu alikuwa anakujua vizuri. Alisukuma ubao wote, akaleta uso wake kwenye nondo, na tukakaa hivyo, yeye ndani na mimi nje, tukisikiliza watu ambao hawakuwepo. Upepo wa mvua uliingia. Alikohoa sana, akatapika kidogo, akajifuta kwa kitenge. Nilimshika vidole kupitia nondo na sikuviachia mpaka macho yake yalipotulia.

"Hakuna mutu," akasema mwishowe.

"Hakuna."

"Basi zunguka mbele haraka, kabla hawajarudi."

Nilizunguka mbio. Nililisikia sanduku likiburutwa tena, safari hii likirudi mahali pake, kisha komeo. Alipofungua nilimpita, nikalikamata lile jiko kwa mikono mitupu na sufuria yake juu, nikalitupa uani kwenye mvua. Lilichemka na kupiga mvuke. Maharagwe yalimwagika.

"Yoo!" Mama akasema. "Na maharagwe pia unayalowesha?"

Dada yangu alifika viatu vikiwa mkononi, amelowa mpaka kichwani. Mama alikuwa ameshakaa kibarazani, amevikwa sweta langu, anakunywa maziwa aliyoleta mama wa Uvira. Fundi alikuwa amesimama langoni na mtaimbo ameuacha barabarani, na hakuingia mpaka nilipomwita. Nilimsogeza dada yangu kando, nikamweleza habari ya chumvi. Yeye alizaliwa mambo yametulia. Hakuna aliyemfundisha, maana nani anamfundisha mtoto neno kama lile kama hakuna haja?

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akakaa chini pale pale, kwenye ngazi yenye maji.

"Ananiuliza kila jioni," akasema. "Wiki kadhaa sasa. Alikuwa hafungi komeo, basi nasukuma mlango mwenyewe, ananiuliza, umeleta chumvi? Namwambia ndiyo, Mama. Nilifikiri ni uzee. Wakati mwingine naileta kweli, namwekea mezani." Alifunika mdomo. "Yaya, kaka yangu, kumbe ndiyo sababu halali. Anakaa usiku mzima anaangalia mlango nyuma yangu."

Nikamfundisha neno.

Jioni ya kesho yake nilikuwa ndani na Mama. Sanduku lilikuwa kando ya mlango. Hakutaka liondolewe, na sikubishana naye. Mlango ukagongwa. Mama hakunitazama. Aliinuka kwenye kiti chake, akaenda. Miaka yote ile mimi nilikuwa mtu wa nje, mwenye kujibu, na sikuwahi kuona upande huu. Aliweka mkono wa kulia kwenye komeo, na mguu wa kushoto akauweka kwenye sanduku. Mkono ulikuwa tayari kufungua, mguu ulikuwa tayari kusukuma. Akainamisha kichwa kwenye chuma.

"Umeleta chumvi?"

Nadhani dada yangu alikuwa anatafuta sauti yake, kama nilivyotafuta yangu. Niliona vidole vya mguu wa Mama vikijikunja juu ya bati.

"Imelowa njiani," dada yangu akasema.

Mguu ukashuka sakafuni.